Kumhifadhi Babu Katika Kumbukumbu ya Ukoo: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Babu anapofariki, familia nyingi huanza kumkumbuka kwa kushughulikia kaburi. Vikao huitishwa kuhusu saruji, marumaru na tarehe ya arobaini, fulana zenye picha yake huchapishwa, na baada ya miezi michache kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake akiamini kwamba wajibu umetimia. Sipingi lolote kati ya hayo. Hata hivyo, kaburi litakuwepo mwakani, ilhali mzee aliyefanya kazi naye mwaka 1958 huenda asifike mvua za vuli. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa kwa kanuni moja tu: kinachoweza kupotea mapema kishughulikiwe mapema, na kinachoweza kusubiri kisubiri.

Mifano mingi nimeichukua kwenye maisha ya manamba, yaani vibarua waliotoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, kwa kuwa babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Anayemkumbuka babu aliyekuwa mvuvi Kilwa, mwalimu Bukoba au karani bandarini Mombasa atabadilisha majina ya kazi na ya mahali, lakini utaratibu ni ule ule.

Hatua ya kwanza: Andika wakati watu bado wako msibani

Siku za matanga ndizo siku pekee ambazo watu waliomfahamu marehemu katika vipindi vyote vya maisha yake hukusanyika mahali pamoja bila kualikwa. Mteueni mjukuu mmoja mwenye subira, apewe daftari na kalamu, naye aondolewe kazi za kubeba viti na kuchota maji. Kazi yake ni kukaa karibu na wazee, kusikiliza, na kuandika nani alisema nini. Asiwahoji wakati huo, kwa maana msiba si mahali pa mahojiano. Aandike tu majina, wanakoishi, namba za simu, na neno moja au mawili ya kumkumbusha kila kisa alichokisikia, kwa mfano "kisa cha baiskeli, Mzee wa Muheza".

Awasikilize watani kwa makini ya pekee. Mtani anayevaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake, akadai deni la kuku lisilokuwepo na kukohoa kama yeye alivyokuwa akikohoa kabla ya kukataa jambo, anahifadhi vitu ambavyo hotuba yoyote ya msibani haivitaji. Waombolezaji hucheka na kulia kwa wakati mmoja, halafu kesho yake hakuna anayekumbuka kilichosemwa. Ikiwa familia inaridhia, rekodi sauti.

Vilevile msilitupe daftari la rambirambi. Baada ya hesabu kufungwa, wengi huliona kama karatasi isiyo na kazi tena, lakini ndani yake mna orodha ya watu waliomjali marehemu kiasi cha kutoa walichonacho, na mara nyingi kuna jina ambalo hakuna mtoto wake hata mmoja anayelitambua. Jina la namna hiyo ndilo la kulitafuta kwanza. Wasifu uliosomwa makaburini nao utunzwe, ingawa kwa kawaida huwa ni mifupa mitupu: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, alifariki. Utakuwa kiunzi cha kujazia nyama baadaye.

Hatua ya pili: Ilindeni simu yake

Simu ya marehemu huwa ya kwanza kufutwa, kwa sababu kuna kijana asiye na simu na mtu mwenye huruma ya kumpa. Kabla haijatolewa, nakilini picha, ujumbe wa sauti, ujumbe mfupi na orodha nzima ya majina. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na mtandao na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine, na akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Fedha zilizomo kwenye simu ni sehemu ya mirathi, hivyo ziachwe mpaka msimamizi wa mirathi afuate utaratibu wake akiwa na cheti cha kifo.

Orodha ya majina ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mzee huandika watu kwa jinsi anavyowafahamu: "Fundi Baiskeli", "Mama Ndizi", "Mwenzangu Korona". Kwa wasiojua, korona ni mtambo wa kuchakata majani ya mkonge, na mtu aliyehifadhiwa kwa jina hilo miaka mingi baada ya kazi kwisha ni rafiki wa ujanani ambaye pengine hajapata hata habari ya msiba. Mpigieni, mpeni taarifa kwa heshima, na mwandikeni kwenye daftari.

Waombeni pia ndugu wote watafute sauti ya babu katika simu zao wenyewe. Salamu ya nusu dakika aliyomtumia mjukuu aliye masomoni inaweza kuwa ndiyo sauti pekee iliyobaki. Itumwe kama faili badala ya kurekodiwa upya kutoka simu moja hadi nyingine, maana kila kurekodi upya hupunguza ubora.

Hatua ya tatu: Watembeleeni wazee wa rika lake

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, na ndipo ninapomsihi msomaji asiahirishe. Tengenezeni orodha ya watu waliomfahamu babu kabla hajawa babu: ndugu zake waliobaki, wake zake, mashemeji, waliosoma naye, waliofanya naye kazi, jirani wa zamani, imamu au katekista wa mtaa wake. Wapangeni kwa umri na afya, kisha anzeni na aliye dhaifu kuliko wote, hata kama anaishi mbali na nauli ni kubwa.

Msiende mikono mitupu, na msianze kwa kutoa simu mfukoni. Mtangulizeni mtu anayefahamika katika nyumba hiyo, fikeni saa ambayo mzee amekwisha kula na kuswali au kupumzika, toeni shikamoo, ongeeni habari za mazao na za wagonjwa, pelekeni sukari na sabuni. Kisha elezeni mnachotaka: kwamba mnakusanya habari za marehemu ili watoto wa watoto wake wamjue, na kwamba mngependa kurekodi asemayo. Akikataa kurekodiwa, wekeni simu kando na mwandike kwa mkono. Akikubali, zimeni redio, wekeni simu karibu naye juu ya kitambaa, na mwanzo wa rekodi mtaje tarehe, mahali na jina lake kamili.

Maswali ndiyo yanayoamua mtapata nini. Ukimwuliza mzee "babu alikuwa mtu wa namna gani", atajibu kwamba alikuwa mtu wa watu, mcheshi na mchapakazi, kwa kuwa hivyo ndivyo adabu inavyotaka marehemu asemwe. Jibu hilo ni la heshima, lakini linamfaa kila marehemu. Uliza juu ya siku, vitu na mahali. Mlilala wapi usiku wa kwanza? Mlikula nini? Mshahara wake wa kwanza aliununulia nini? Alimwogopa nani pale kambini? Alipokasirika, alinyamaza au alipaza sauti? Wimbo gani mliuimba kazini, na nani alikuwa akiuanzisha?

Nilijifunza thamani ya maswali ya aina hii kwa mzee mmoja wa Korogwe aliyekuja kutoka Kasulu katika kundi moja na babu. Kwa muda mrefu alirudia tu kwamba marehemu alikuwa mtu mwema. Nilipomwuliza posho ya wiki ilikuwa nini, akaanza kuhesabu kwa vidole: unga, maharage, chumvi. Alipofika kwenye chumvi akacheka, akasema kwamba babu yangu hakuwa akiinunua hata siku moja, kwani nusu ya kambi ilimlipa kwa chumvi. Yeye peke yake katika kundi lao ndiye aliyejua kuandika, na jioni, baada ya kutoka shambani, alikuwa akiwaandikia wenzake barua za kwenda nyumbani, akiwasomea na majibu yalipofika. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa akilijua jambo hilo, wala bibi. Babu hakuwahi kulisema, na wasifu wake uliishia kwenye maneno "alifanya kazi katika shamba la mkonge".

Mwacheni mzee aseme kwa lugha anayoiota. Kiha, Kimakonde, Kibondei au Kigiriama kikinakiliwa sawasawa, tafsiri ya Kiswahili itafanywa baadaye na mtu anayeijua lugha hiyo, lakini maneno ya asili yakipotea hayarudi. Msimkatize ili kusahihisha tarehe au jina. Wazee wawili wakitoa habari zinazopingana, andikeni zote mbili na mtaje aliyesema kila moja. Mwisho, rudini mara ya pili, kwa sababu baada ya mgeni kuondoka mzee huendelea kukumbuka usiku kucha.

Hatua ya nne: Kusanyeni karatasi zake bila kuchukua za mirathi

Kabla ya kugusa sanduku lolote, waelezeni wazee wa ukoo na msimamizi wa mirathi kwamba mnatafuta kumbukumbu, na fungueni sanduku mbele ya watu wasiopungua wawili. Mjukuu anayekusanya karatasi peke yake hushukiwa mara moja kwamba anatafuta hati ya shamba, na shaka hiyo ikishaingia, kazi nzima husimama. Hati za ardhi, kadi ya benki, mikataba na wosia vikabidhiwe kwa msimamizi. Ninyi chukueni picha tu, na hata hiyo kwa ruhusa.

Baada ya hapo angalieni yale ambayo wengine huyaona takataka: risiti za kodi, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha ndoa, leseni ya baiskeli, barua, kadi ya TANU au ya Afro-Shirazi, pasi ya kusafiria, bahasha yenye muhuri wa posta. Kila kimoja kinabeba tarehe au mahali. Kipande (kadi ya kazi) cha mfanyakazi wa mkonge, kwa mfano, kilikuwa na vyumba 30 vya siku za kazi, na karani aliweka alama katika kila siku iliyokamilika. Mshahara ulitoka kipande kilipojaa. Ukikishika kipande cha namna hiyo, ukaona vyumba vilivyojazwa mfululizo na kisha pengo la siku kadhaa, unaanza kujiuliza aliugua, alifiwa, au alitoroka kwenda kumwona mtu. Swali hilo mpelekeeni mzee wa hatua ya tatu.

Kama nyumbani hakuna karatasi, ziko sehemu nyingine za kutafuta. Parokia za zamani za Kikatoliki hutunza vitabu vya ubatizo na ndoa, baadhi vikiwa vimeandikwa kwa Kilatini, na humo huwa na majina ya wazazi na ya msimamizi wa ubatizo. Nyaraka za utawala wa kikoloni zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam kwa Tanzania Bara, Kilimani kwa Zanzibar, na Moi Avenue, Nairobi kwa Kenya. Msitarajie kukuta jina la kibarua wa kawaida kirahisi, ila ripoti za wilaya zitawaonyesha njaa, magonjwa na migomo ya miaka aliyokuwepo. Kwa babu aliyepigana katika Keya, yaani jeshi la Waingereza la askari Waafrika (King's African Rifles), Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa vitani. Aliyerudi hai hamtamwona humo, lakini rafiki yake aliyebaki Burma anaweza kuwamo.

Hatua ya tano: Piga picha za picha

Chukueni picha zote hadi penye dirisha lenye mwanga wa mchana usio wa jua kali, lazeni kila moja juu ya karatasi nyeupe, shikeni simu sambamba kabisa na picha, na mzime taa ya kamera kwa sababu humulika katikati na kufuta uso. Pigeni mbele na nyuma, maana nyuma mara nyingi kuna mwandiko au muhuri wa studio. Penye skana, tumieni kiwango cha nukta 600 kwa inchi (dpi) kwa picha ndogo za zamani. Msizibandue kwa nguvu picha zilizonata kwenye albamu za gundi. Pigeni picha ukurasa mzima. Msitumie selotepu kuunganisha zilizochanika.

Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli laini majina ya waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, na jina la aliyewatambua. Wino hupenya upande wa pili. Kisha hifadhini picha halisi ndani ya bahasha za karatasi, katika kisanduku kisichoingia mchwa wala mende, mbali na ukuta wenye unyevu. Kwa wakazi wa pwani jambo hili ni la lazima, kwani chumvi na joto humaliza picha upesi. Kaseti za zamani zichezwe mara moja tu kwa ajili ya kunakiliwa, kwa waya unaotoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta, baada ya kuhakikisha kwamba redio yenyewe haitafuni kanda.

Hatua ya sita: Tafuteni tarehe kwa matukio

Wazee wengi walikadiriwa umri na karani, kwa hiyo tarehe iliyoko kwenye kitambulisho isichukuliwe kuwa neno la mwisho. Njia bora ni kuuliza alikuwa amefikia wapi maishani tukio fulani lilipotokea. Alipooa, TANU ilikuwa imekwisha kuanzishwa, yaani baada ya Julai 1954? Mtoto wa kwanza alikuwa anatembea siku ya Uhuru, Desemba 1961, au mvua kubwa za mwisho wa mwaka huo zilimkuta tumboni? Nyumba ya bati ilijengwa kabla ya Azimio la Arusha, 1967, au baada yake? Walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970? Shangazi mdogo alizaliwa Vita vya Kagera vikiendelea, 1978 hadi 1979, au mwaka aliokufa Sokoine, 1984?

Vita, njaa, nzige, mafuriko, kufika kwa reli na kubadilishwa kwa fedha hukaa katika kumbukumbu kuliko namba. Andikeni matokeo kwa uaminifu: "alizaliwa kati ya 1933 na 1936" ni sentensi bora kuliko tarehe kamili ya uongo.

Hatua ya saba: Choreni ukoo wake

Anzeni na babu katikati, pandeni hadi kwa wazazi na babu zake, kisha shukeni kwa watoto wa kila mke kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Waandikeni na waliofariki wachanga, kwa majina yao, kwa sababu bibi zetu huwahesabu hata kama sisi hatuwahesabu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na anayetambuliwa na wazee aandikwe pamoja na ndugu zake. Asiyetambuliwa bado, suala lake lipelekwe kwenye kikao cha ukoo na lisiamuliwe na mwandishi. Juu ya karatasi yenyewe andikeni wazi kwamba huu ni mchoro wa kumbukumbu na wala si orodha ya warithi, kwa maana warithi huthibitishwa kwa utaratibu wa mahakama.

Hatua ya nane: Andikeni maisha yake

Mmoja aandike, wengine wasome na kusahihisha. Kitabu kinachoandikwa na kamati hakimaliziki. Kurasa 30 zinatosha. Mwandishi aanze na mahali babu alipokuwa akifanya jambo, kisha arudi kwenye kuzaliwa kwake. Anukuu misemo yake jinsi alivyoisema, pamoja na makosa yake ya matamshi, kwa kuwa humo ndimo wajukuu wanamosikia sauti yake. Aeleze kazi zake kwa undani: jani la mkonge hukatwaje, miiba yake huchoma wapi, mikono inanuka nini jioni.

Sifa zipunguzwe. Mtu aliyekuwa mkali aandikwe kwamba alikuwa mkali, na visa vya kuthibitisha viwepo, pamoja na siku aliyoomba radhi ikiwa ipo. Lakini siri inayoweza kumwumiza mtu aliye hai, kama ugonjwa wake au uzazi wake, iachwe nje mpaka mwenyewe aridhie. Kabla ya kuchapisha, msomeeni bibi kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Atasahihisha mengi, na atakumbuka mengine ambayo hamkuyauliza. Kisha pelekeni steshenari, chapeni nakala za kila nyumba ya ukoo, msiishie kwenye faili ya simu.

Hatua ya tisa: Kaburi, ibada na jina

Sasa kaburi. Waislamu wamwulize sheikh wao kabla ya kujengea, kwani wanazuoni wengi hawakubali makaburi ya kifahari, na fedha hizo zinaweza kwenda kwenye kisima au misahafu kwa nia ya sadaka yenye kuendelea, pamoja na hitma na dua. Wakatoliki wana Misa ya kuwaombea marehemu na siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba. Familia zinazokutana kijijini kila Desemba zinaweza kutenga saa moja ya kusoma sura moja ya kitabu mbele ya watoto. Mjukuu atakayerithi jina lake, kama ilivyo desturi katika jamii nyingi zetu, apewe nakala yenye jina hilo ukurasa wa kwanza.

Hatua ya kumi: Wekeni mtunzaji

Rekodi, picha na mchoro wa ukoo viwepo katika nakala tatu: moja kwenye kompyuta au diski ya nyumbani, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni, na moja kwa ndugu anayeishi mkoa mwingine. Kila faili ipewe jina linaloeleweka, likianza na mwaka, mahali na mtu. Kila mwaka mtunzaji afungue faili chache kuhakikisha kwamba bado zinafunguka, ahamishie zote kwenye chombo kipya cha kuhifadhia kabla cha zamani hakijachakaa, na aandike ndani ya jalada la daftari jina lake pamoja na jina la atakayempokea kazi hiyo.